Harusi ya Mirathi na Wanaoicheka

Kwa muda wa miaka mia sasa watunzi wa vichekesho wa Ulaya na Marekani hawajachoka kukikamua kisa kimoja. Kijana asiye na haraka ya kuoa anafikiwa na wakili, anaambiwa kwamba babu yake amefariki na kumwachia mali isiyo kifani, ila kwa sharti: awe ameoa kabla ya saa fulani. Buster Keaton alikicheza kisa hicho mwaka 1925 katika filamu ya Seven Chances, ambamo mhusika hana budi kuwa mume wa mtu ifikapo saa moja ya jioni ya siku anayotimiza miaka 27, ama sivyo dola milioni saba zinampita. Mwaka 1999 kisa kikarudi kwa jina la The Bachelor. Umri ukasogezwa hadi miaka 30, na mali ikapanda hadi dola milioni 100. Kabla ya hizo, kati yake na baada yake zimetoka nyingine tele za ukoo huohuo, na zilizotufikia Afrika ya Mashariki zimechezwa vibandani, mfasiri akiwa na kipaza sauti chake akiwatia wahusika Kiswahili midomoni, na watazamaji wakicheka hadi kutokwa na machozi.

Kicheko hicho kina masharti yake, na si vibaya yakapekuliwa. Mali inayokimbiliwa hakuna aliyeitolea jasho katika wale wanaoonekana kiooni. Mhusika wa Keaton ni dalali wa hisa aliyekaribia kufilisika, na urithi wa babu unamjia kama mvua ya masika kumwokoa na hasara ya biashara yake mwenyewe. Rafiki yake anamwandikia orodha ya wanawake saba wa kuwaposa. Wote wanamkataa, wengine kwa kumcheka usoni. Tangazo linatolewa gazetini, na mamia ya wanawake waliovaa shela wanajaa kanisani, kisha wanamfukuza mitaani kama nyuki. Mwanamke katika filamu hiyo ni mmoja mwenye jina na mapenzi, na waliobaki ni kundi. Kuna na mahali ambapo mhusika anamfuata mwanamke njiani ili amchumbie, anamkaribia, anauona uso wake kuwa ni mweusi, anageuka na kwenda zake. Hapo pia palitiwa ili pachekwe. Mtazamaji wa Kiafrika aliyecheka tangu mwanzo anapofika hapo hapana budi ajiulize alikuwa akicheka pamoja na nani.

Kisa hikihiki, cha kufunga ndoa upesi ili mirathi isipotee, kipo mkoani Mara, na huko hakuna anayekiita kichekesho cha mapenzi. Katika nchi inayoanzia Kabasa, upande wa Bunda, ikapitia Butiama na Musoma hadi kwa Wakurya wa Tarime, mwanamke anaweza kumwoa mwanamke ili nyumba yake isikose mrithi. Desturi hiyo huitwa nyumba ntobhu. Wanaojulikana nayo zaidi ni Wakurya, lakini jirani zao, Wazanaki wakiwamo, hawaioni kuwa ngeni.

Mambo huenda hivi. Mwanamke ameolewa, amelima, amezaa mabinti watupu au hakujaaliwa mtoto. Mume amefariki au amekuwa mkongwe. Kwa desturi za huko, kila mke ana nyumba yake, na nyumba ndiyo yenye mali: shamba hili ni la nyumba hii, ng'ombe hawa ni wa nyumba hii, na hata ng'ombe wa mahari ya binti huingia katika zizi la nyumba ya mama yake. Lakini nyumba hurithiwa na mtoto wa kiume. Isiyo na mtoto wa kiume ni mlango usio na komeo, na mashemeji wanalijua hilo kabla matanga hayajaanuliwa. Basi mwanamke yule anatoa ng'ombe, mara nyingi walewale walioletwa kwa ajili ya binti zake, na kumwolea msichana. Anamwoa yeye, kwa jina la nyumba yake. Msichana atazaa na mwanamume atakayeridhiwa, naye mwanamume hatakuwa na haki juu ya watoto. Watoto ni wa nyumba. Akipatikana wa kiume, shamba limepata mwenyewe, na bibi aliyelima pale miaka thelathini hataulizwa tena lini atahama.

Hapa pia pana sharti la muda. Halikuandikwa na wakili wala halina saa ya ukutani, lakini lipo: kabla ya kikao cha ukoo, kabla ya ng'ombe kugawanywa, kabla nguvu za kulima na kuhesabu mifugo hazijamwisha mwenye nyumba. Tofauti ni kwamba mrithi wa Hollywood anakimbilia alichopewa bure, na mjane wa Mara anakimbilia alicholima mwenyewe.

Wako wanaoicheka nyumba ntobhu, na ni wa aina mbalimbali. Wa kwanza ni watu wa mijini wanaoisimulia kama kituko cha bara, kitu cha kupitishia kahawa. Wa pili ni wahubiri wanaoifanya kuwa uchafu, wakidhani kwamba kila penye wanawake wawili na mahari pana tamaa ya mwili. Laiti wangeuliza, wangeambiwa kwamba kitanda hakimo katika mkataba huo, na kwamba kilichomo ni shamba. Wa tatu, na hawa ni wapya, ni waandishi wa ng'ambo wanaokuja na kamera kuishangilia kama ngome ya uhuru wa wanawake, wakaondoka na picha ya bibi na mkewe wakitabasamu mbele ya nyumba ya udongo. Makundi hayo matatu yanabishana, lakini kosa lao ni moja. Yanaitazama harusi na kuusahau urithi. Ni kana kwamba mtu angeisimulia filamu ya Keaton bila ya kumtaja babu.

Mkoa huohuo wa Mara ndio uliomtoa mfasiri wa kichekesho kikubwa kabisa cha ndoa na mirathi kilichowahi kuingia katika Kiswahili. Mwaka 1969 ilichapishwa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya mchezo wa Shakespeare iliyofanywa na Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama. Watu wameisoma shuleni na kuijadili kwa miaka mingi, na karibu kila mara mjadala unakwenda kwa Shylock, kwa ratili ya nyama, na kwa neno lile mabepari ambalo mfasiri alilichagua badala ya wafanyabiashara, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Ni mjadala mzuri. Ila umefunika nusu nyingine ya mchezo, ile inayopita Belmont, nyumbani kwa Portia, ambako hakuna riba wala bahari, kuna wosia tu.

Baba yake Portia amekufa na kuacha visanduku vitatu: cha dhahabu, cha fedha na cha risasi. Atakayechagua sawa atampata binti na mali yote. Atakayekosea aondoke, na aape kutooa maisha yake. Binti mwenyewe hana sauti. Hawezi kumchagua amtakaye wala kumkataa asiyemtaka, kwa kuwa aliyekwisha zikwa ndiye anayeamua. Anayefika na kushinda ni Bassanio, muungwana aliyezama katika madeni. Anapomweleza rafiki yake habari za Portia, sifa ya kwanza anayoitaja ni kwamba ameachiwa mali. Anakopa dukati 3,000 ili aonekane mtu wa kuposa. Alipofika, Portia anamsihi akae siku mbili tatu kabla ya kuchagua. Yeye hataki kungoja. Akachagua, akashinda, na papo hapo binti akamkabidhi nyumba, watumishi na nafsi yake, kwa pete moja. Ndoa ikafungwa haraka, na kabla bwana harusi hajalala kwa mkewe akatumwa Venisi na dhahabu za mkewe kwenda kulipa deni la rafiki. Ukumbi wa michezo unacheka, kwani huo ni mchezo wa furaha.

Na haukuishia hapo. Jessica, binti wa Shylock, anatoroka usiku na kasha la vito la babaye ili aolewe na Lorenzo. Mahakamani Shylock analazimishwa kuandika hati kwamba akifa, vyote alivyonavyo vitakuwa vya mkwe huyo na binti huyo. Wachumba wanapokutana mwishoni chini ya mbalamwezi, hati ya mirathi inakabidhiwa mkononi mwa mwenyewe, na watazamaji wanakwenda zao wakiwa wameburudika. Mchezo mzima, ukiondolewa mashairi yake, ni daftari la nani amepata nini kwa ndoa.

Haiyumkiniki kwamba mfasiri hakuliona hilo. Mwalimu alizaliwa katika nyumba ya Mtemi Burito wa Wazanaki, aliyekuwa na wake 22. Mama yake, Mgaya, alikuwa wa tano. Alikua akijua maana ya nyumba katika boma lenye nyumba nyingi. Alipokuwa mwanafunzi Makerere, kati ya 1943 na 1945, aliandika insha juu ya hali ya wanawake, akiyachukua mawazo ya John Stuart Mill na kuyapima kwa maisha ya watu wa kwao. Mwaka 1967, katika Ujamaa Vijijini, alikiri waziwazi kwamba jamii ya jadi aliyokuwa akiisifu ilikuwa na kasoro mbili, umaskini na unyonge wa mwanamke, na kwamba mwanamke wa kijijini alifanya kazi kupita haki yake. Basi mtu aliyeyajua hayo yote ndiye aliyeketi akamfasiri Portia.

Lakini dola aliyoiongoza ilikuwa imekwisha andika maandiko mengine. Mwaka 1963, mwaka uleule ilipochapishwa tafsiri yake ya kwanza ya Shakespeare, Julius Caesar, serikali ilitoa tamko la sheria za mila kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Desturi zilizokuwa zikibishaniwa chini ya miti na wazee, zikipindwa huku na kulegezwa kule kulingana na mtu na mahali, zikapigwa chapa. Watoto wa kiume wakawekwa mbele na mabinti wakawekwa daraja ya mwisho ya warithi. Ardhi ya ukoo mwanamke akaruhusiwa kuitumia maisha yake, si kuiuza, maadamu ukoo una mwanamume. Na mjane, ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, hakupewa fungu: fungu lake likawa ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza.

Msomaji alitazame tena lile neno la mwisho. Mjane asiye na watoto atatunzwa na nani? Sheria haikumjibu. Nyumba ntobhu ndiyo iliyomjibu. Serikali iliandika kwamba mlango wa mwanamke kuingia katika mali ni mtoto wa kiume. Mwanamke wa Mara akaenda zizini, akahesabu ng'ombe wake, na kumtafuta mtoto huyo kwa njia iliyokuwapo. Kumcheka ni kumcheka mtu aliyeisoma sheria kwa makini kuliko walioitunga.

Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Ndoa, na kwa mambo mengi ilistahili sifa. Ilisema kwamba mjane yu huru kukaa apendapo, kubaki bila mume au kuolewa na amtakaye, mila iseme itakavyosema. Kurithiwa kama kiti kukapigwa marufuku. Lakini sheria hiyohiyo iliifafanua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, na kwa neno hilo nyumba ntobhu ikawa nje ya milango ya mahakama. Mjane akawa na uhuru wa kukaa popote, bila ya kuhakikishiwa pa kukaa. Mkono mmoja ulimfungua kamba na mkono wa pili ulikuwa umekwisha chukua shamba.

Itasemwa kwamba hayo ni ya zamani na kwamba mambo yamebadilika. Yamebadilika, kwa sehemu, na waliobadilisha wanastahili kutajwa. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Muleba, upande wa pili wa Ziwa, aliiuza kwa shilingi 300,000 ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake kwa wosia. Mtoto wa ndugu yake akamshitaki kwamba mwanamke wa Kihaya hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Shauri la Ephrahim na Pastory lilifika Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki zilizomo katika Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume. Mwaka 1999 sheria mbili za ardhi zikatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na ile ya ardhi ya vijiji ikabatilisha mila yoyote inayomnyima haki hiyo.

Hata hivyo, wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga walipokwenda Mahakama Kuu kuomba lile tamko la 1963 lifutwe, mwaka 2006 waliambiwa kwamba ndiyo, kanuni hizo zinabagua, ila mahakama haiwezi kuziondoa, kwani mila za makabila zaidi ya 120 zingefuata njia hiyohiyo. Rufaa yao ikatupwa 2010 kwa sababu za utaratibu. Ikawabidi wavuke bahari. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliwapa haki na kuitaka Tanzania irekebishe sheria zake. Wakati huo tamko lilikuwa limetimiza miaka 52. Ni umri wa mjane.

Linganisha sasa na shauri la Mombasa. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya, ikikaa Mombasa, ilisikiliza ugomvi wa mirathi ya bibi wa Kinandi aliyekuwa amemwoa mwanamke kwa desturi ya kwao, inayofanana sana na ile ya Mara. Jamaa wa marehemu walitaka mali. Mahakama ikamtambua yule mke na watoto wake kuwa warithi. Ilitazama desturi kama inavyotendwa na wenyewe, ikauliza mahari ililipwa au haikulipwa, watu walishuhudia au hawakushuhudia, waliishi pamoja kama nyumba moja au vipi, ikatoa hukumu. Hakuna mbingu iliyoanguka. Jaji aliyekaa umbali wa hatua chache kutoka baharini aliielewa nyumba ya bara kuliko wanavyoielewa wengi wanaopita karibu nayo kila siku.

Hapo ndipo washangiliaji watakapopiga makofi, na hapo ndipo inafaa kuwanyamazisha kidogo. Kuna mtu wa pili katika nyumba ntobhu, naye hajasemwa. Ni yule msichana. Ng'ombe wanapovuka kutoka zizi hili kwenda zizi lile, wanavuka kwa ajili yake, na mara nyingi wanavuka kwa sababu kwao kuna njaa, au kuna kaka anayetaka kuoa na hana mahari. Huyo ndiye kisanduku cha risasi. Atazaa, na watoto hawatakuwa wake kwa jina. Atalima, na shamba litakuwa la mwanawe. Akitaka kuondoka, ng'ombe watadaiwa. Kwa miaka mingi sheria ya 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, na hata baada ya Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, kuamua kwamba ruhusa hiyo inavunja Katiba, hakuna mahakama inayoweza kuulinda umri wa bibi harusi katika ndoa ambayo sheria inasema haipo. Ndoa isiyotambuliwa haiulizwi cheti. Bibi anayejiokoa humwokoa mtu mmoja kwa mwili wa mtu mwingine, na haifai kulipamba jambo hilo kwa maneno matamu ya uhuru.

Lakini ni nani aliyewapanga wanawake hao wawili hivyo, mmoja mwenye ng'ombe na hana haki, mmoja hana ng'ombe wala haki? Anayemlaumu bibi peke yake anafanana na anayemlaumu Portia kwa visanduku. Bibi huyo angeandikiwa shamba kwa jina lake, na binti zake wakarithi baada yake bila ya kuulizwa na shemeji yeyote, asingekuwa na haja ya kumlipia ng'ombe mtoto wa maskini. Wanaotaka nyumba ntobhu ikome wana njia moja tu iliyo ya haki, nayo inapita katika ofisi ya ardhi ya kijiji. Kuihubiri vibaya siku ya Jumapili na kuliacha tamko la 1963 rafuni ni kumpokonya mwenye kuzama ubao wake bila ya kumtupia kamba.

Msomaji wa visiwani na wa mwambao anaweza kuyasoma yote haya kwa utulivu wa mtu ambaye haimhusu. Kwake mirathi imekwisha gawanywa na Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa: mjane ana thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha, binti ana fungu lake, nusu ya la kaka yake. Mwenye mali hana wosia kupita theluthi, na mrithi hausiwi. Kwa hukumu hiyo kile kisa cha Hollywood hakiwezi hata kuanza: babu hana uwezo wa kumfungia mjukuu fungu lake kwa sharti la harusi, wala baba yake Portia hana visanduku vya kuweka. Hilo ni jambo la kujivunia, na ni haki kujivunia.

Ila fungu lililotajwa si fungu lililokabidhiwa. Ziko nyumba za Mji Mkongwe ambazo wenyewe wamekufa zamani na hazijagawanywa mpaka leo, anakaa kaka mmoja na dada wanasubiri. Iko mikarafuu ya Pemba ambayo binti anajua hesabu ya mashina yake kwa kuambiwa tu, kwa sababu mavuno yanasimamiwa na wanaume. Na desturi ya kumwoza binti kwa mtoto wa ami yake ili shamba lisitoke nje ni nini, kama si ndoa ya mirathi? Pwani inaiita heshima ya ukoo na kuipigia vigelegele; bara inaitwa ushamba. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858 naye akiwa mjane na mgonjwa, husomwa aghalabu kama mwalimu wa utiifu wa mke. Wachache husita na kuuliza kwa nini mama anayehisi kifo kinakaribia aliona kwamba salama ya binti yake imo mikononi mwa mume na si katika kitu kingine alichoweza kumwachia.

Imewahi kudaiwa kwamba fasihi haina kazi na mambo ya ardhi, na kwamba kichekesho kiachwe kichekeshe. Lakini vichekesho vyenyewe havikubali kuachwa. Vinazungumza mali tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, vikitaja dukati na dola kwa tarakimu. Kilichokosekana katika Kiswahili ni kisa hicho kuandikwa kutoka upande wa pili wa Ziwa, na mtunzi anayelijua Kabasa kama Shakespeare alivyolijua soko la London. Asiandike wosia wa babu tajiri. Aanze na zizi asubuhi, ng'ombe wakihesabiwa: waliokuja kwa binti wa kwanza, waliokuja kwa wa pili, mmoja aliyekufa kwa ndigana. Shemeji ameketi kwenye kigoda kivulini, amekuja kusalimia, na hii ni mara ya tatu wiki hii. Bibi anamkaribisha uji. Msichana amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa, bado hajaambiwa kitu, na mtunzi itambidi aamue neno lake la kwanza litakuwa lipi.